Kiraka Kifuani

Ndani ya kichupa hiki, kisichozidi kidole cha mtoto,
wamo faji mabilioni, na hakuna anayepiga kelele.
Kila mmoja ameshonewa kifuani kiraka kimoja,
kipande cha peptidi kilichokatwa kwenye joho la virusi fulani:
huyu surua, yule polio, yule homa ya manjano,
na wengine wa homa ambazo hapa Tabora tuliziita homa tu.

Kingamwili haikumbuki sura nzima ya mwizi.
Inakumbuka kifungo, upindo, uzi uliochomoza,
na hilo linaitosha kumshika mtu ukosi
miaka ishirini baadaye.

Nimetia tone la damu.
Si damu hasa, maji yake,
rangi ya asali ya miombo iliyochujwa mara mbili.
Sampuli namba ishirini na saba. Jina halisemwi.
(Ni mama yangu. Alitia saini mwenyewe,
akauliza kama sindano ni ileile ya kliniki.)

Usiku kucha wametafutana humo.
Asubuhi naleta sumaku, naosha.
Mara ya kwanza wanaondoka waliokuja kutazama.
Mara ya pili wanaondoka wenye urafiki wa mdomoni.
Mara ya tatu umeme unakatika,
nasimama gizani na pipeti mkononi
kama mtu aliyesahau sala katikati.
Jenereta inakohoa, inawaka. Naosha.
Aliyebaki sasa ameshikwa kweli.

Viraka vilisafirishwa, vikasomwa na mashine ya mbali.
Majibu yalikuja Alhamisi, safu juu ya safu.
Surua, sawa. Mafua, nani hana.
Halafu mstari wa mia nne na kumi na moja:
chikungunya.

Nikaweka chai chini.

Naukumbuka mwaka ule, Inala, tumbaku ikiwa bado banini,
mama alipoamka amepinda kama mundu,
viungo vimekaza, mwiko haushikiki,
na watu wakasema: huyu amekunjwa.
Amekunjwa na nani?
Jibu lile halikuoshwa hata mara moja.
Mbula, jirani, mjane mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni,
aliyetuazima ungo juzi yake.
Ungo ukachomwa. Kisha paa.
Akaenda stesheni na ndoo moja na kuku mmoja,
akapanda treni ya Kaliua.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilimlilia kuku.

Sasa niwe mkweli, kazi yangu inavyotaka:
kipimo hiki hakisemi lini.
Onyong'onyong' ni binamu wa chikungunya,
nguo zao hutoka jora moja.
Nitarudia kwa njia nyingine kabla sijaandika "imethibitika".
Damu ni shahidi, si hakimu.
Lakini mwaka ule pale kwetu mahakimu walijaa uani,
shahidi hakuitwa.

Jioni nilimkuta mama anachambua karanga.
Nikasema mbu. Nikasema virusi. Nikasema kiraka,
nikachora kwa kijiti mavumbini, nikafuta, nikachora tena.
Mikono yake ilinyooka zamani, isipokuwa kidole kimoja.
Kidole hicho kikasimama.

"Huyo mbu," akauliza, "hakutumwa?"
"Mbu hatumwi, mama. Alikuwa na njaa."

Aliendelea na karanga mpaka sinia likaisha.
Maganda huku, punje huku,
na zilizooza akazitupa mbali kuliko ilivyohitajika.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:
"Treni ya Kaliua siku hizi inapita saa ngapi?"

Sikujua. Sikujua hata kama Mbula yu hai.

Jumamosi nilimwona sokoni, hakuniona.
Alikuwa kwa wauza ungo.
Anauinua mmoja, anaugonga kwa kidole kilichopinda,
anasikiliza, anaurudisha,
anachukua mwingine.